Nyumba Iliyoupa Mlima Mgongo

Niliambiwa ati nyumba ya Frimasoni kule Embu haikubali kutengenezwa mpaka imekula kichwa cha mtu. Aliyeniambia ni Gladwell, ambaye tunauza ndizi meza moja pale soko la Gakoromone, mimi upande huu na yeye upande ule. Alikuwa anapanga mikungu, na aliniambia kama mtu anayekuambia nyanya zimepanda bei.

"Mama Mwenda, kijana wako si ndiye anajenga huko?"

"Hajengi. Anarekebisha."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi. Wakati wa kujengwa ilikula ikashiba. Sasa mnaiamsha na njaa."

Nilicheka ili wateja wasione nimeshtuka. Lakini hayo maneno nilirudi nayo nyumbani Kanyakine. Nikiwasha moto, yako hapo. Nikichuma majani chai, yako hapo. Shule niliachia darasa la saba, lakini kuogopa hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mwenda ni kifungua mimba wangu, fundi wa mawe, na alikuwa karibu kuoa. Tulikuwa tumeshapeleka asali na blanketi za posa kwa kina Linda, mchumba wake, kwa mzee Kaburu wa Mitunguu. Nikaona ati ninakaa tu hapa nikingoja niletewe kichwa. Nikavaa leso ya kanisa nikaenda Embu kuona hiyo nyumba kwa macho yangu.

Ninaandika haya kwa akina mama wenzangu wenye vijana wa mikono, wale wanaojenga na kupanda juu. Someni mpaka mwisho.

Nyumba iko nje ya mji, mahali pa mwinuko, kati ya mibuni. Ukiiona kwa mbali unafikiri ni kanisa lililokosa kengele. Mawe ni ya kijivu, yamechongwa sawasawa, na juu ya mlango kuna jicho limechorwa ndani ya pembe tatu. Lakini kilichonitisha si jicho. Ni ukuta wa kaskazini. Hauna dirisha hata moja, na upande huo ndio Mlima unaonekana, na theluji yake, asubuhi ikiwa safi. Watu wetu, wa Embu na wa Meru, wazee wao waliomba wakiangalia Mlima. Sasa wewe mtu unajenga nyumba ya mawe unaupa Mlima mgongo, na huweki hata tundu la kuchungulia? Hapo ndipo nilielewa uvumi ulizaliwa wapi.

Mlangoni alikuwa msimamizi wa kazi, Nyamu, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kazi, anayeongea na wewe akiangalia viatu vyako.

"Mama, usiguse ukuta," akaniambia. "Na usikae ndani sana. Mimi mwenyewe jioni ikifika siingii."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mzazi. Sitaki kusema mengi."

Mwenda akatoka ndani, vumbi mpaka kwa nyusi, akacheka akaniambia, "Mama, umekuja kunichukua kama wa nasari?" Nyuma yake kulikuwa na mzee Runji, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye ndiye mwenye ufunguo. Yeye mwenyewe ni Frimasoni. Alilisema wazi, kama mtu anayesema yeye ni Mmethodisti.

"Basi niambie siri yenu, mzee," nikasema. Nilikuwa na hasira ya woga.

"Siri yetu kubwa, mama, ni kwamba mikutano ni mirefu."

Alinionyesha kila kitu. Ukiingia mlango wa magharibi kuna nguzo mbili, na juu ya kila moja kuna mpira wa shaba, mmoja ni wa dunia na mmoja ni wa mbingu. Sakafu ni vigae vyeusi na vyeupe, kimoja kimoja, mpaka ukiangalia sana unaona kama inatembea. Runji akasema ni mazuri na mabaya ya binadamu, ati unakanyaga yote mawili kila siku. Juu, dari ni ya bluu na nyota za rangi ya dhahabu, zingine zimebanduka. Hiyo dari ndiyo Mwenda alikuwa anairekebisha, na jukwaa la vyuma lilikuwa limesimama katikati ya nyumba kama jirafa.

Mashariki kuna kiti kikubwa cha mwerezi. Kiti kingine kiko magharibi, kingine kusini.

"Na kaskazini?" nikauliza.

"Kaskazini hakuna, na dirisha hakuna. Hawa watu walitoka Uingereza. Kule kwao jua halipiti kaskazini mwaka mzima, kwa hivyo wakasema huo ni upande wa giza."

"Lakini hapa mwezi wa sita jua linapita huko huko. Hata kuku anajua, anahama kivuli."

Runji akacheka mpaka akashika meno yake ya bandia. "Ndiyo, mama. Walihamisha nyumba, jua la kwao wakaliacha. Mlima hawakuukusudia. Nafikiri hawakuuona hata siku moja vile nyinyi mnauona."

Akaniambia ilijengwa na maafisa wa boma na wazungu wachache wa mashamba. Mawe yalichongwa mtoni na watu wa Embu na wa Meru, na jiwe la kwanza likawekwa kona ya kaskazini-mashariki. Siku paa lilipokamilika hao wachongaji waliambiwa asante, mlango ukafungwa, hawakuingia tena. Mtu ukimfungia nje ya kitu alichojenga, atajitengenezea habari ya ndani. Wakati wa Hali ya Hatari, askari walilala humo. Baada ya uhuru ikawa stoo ya mahindi ya chama cha ushirika, halafu ikawa ya popo. Sasa wanachama ni Waafrika wengi, wanataka kuirudisha.

Karibu na kiti cha mashariki kulikuwa na mawe mawili juu ya meza, moja halijachongwa na moja limechongwa likalainika. Mwenda akaweka mkono juu ya lile laini. "Mama, hawa watu hata kama ni wa nini sijui, wameheshimu kazi yangu. Wameweka jiwe la fundi mahali pa heshima. Wewe umeshaona jiwe likiwekwa hivyo kanisani?"

Nilirudi Kanyakine nikiwa nimepoa. Huyo Nyamu tu ndiye alinibaki kwa moyo, na macho yake kwa viatu.

Haukupita muda, simu ikalia. Mwenda ameanguka kutoka kwa dari.

Nilimpata hospitali nyonga imevunjika, amefungwa kama mzigo. Neno la kwanza aliloniambia si maumivu. "Mama, lile jukwaa nililifunga mimi. Vyuma vya kukaza vilikuwa vinne chini. Nilipopanda asubuhi sikuangalia, na nilipofika juu likajikunja. Nikiwa nimelala pale sakafuni niliangalia. Vyuma vya kukaza havikuwepo. Mtu alivitoa."

"Nani?"

"Sijui. Wote wanasema hawajui."

Lakini Gakoromone walijua yao. Kabla hata hajatolewa hospitali, hadithi ilikuwa imeiva: ati Mwenda aliingia Frimasoni, akaambiwa atoe kichwa, akatoa jina la mama yake. Ati ile siku nilikwenda Embu nilikuwa napelekwa nipimwe. Nyumba ikanikataa kwa sababu ya leso ya kanisa, ikamgeukia yeye. Gladwell aliniambia hiyo hadithi mimi mwenyewe, mwenye kichwa!

"Si mimi ninasema," akasema. "Ni watu."

"Watu wana majina, Gladwell."

Halafu mzee Kaburu akatuma neno kutoka Mitunguu. Hakuja mwenyewe. Alirudisha blanketi. Asali walikuwa wameshakula, lakini blanketi lilirudi limekunjwa vizuri, na ujumbe ati wao hawaozi binti kwa nyumba inayouza watu. Mwenda alilitazama hilo blanketi, akageuka upande wa ukuta na ile nyonga yake. Kijana aliyeanguka kutoka dari hakulia. Kwa blanketi alilia.

Hapo ndipo niliapa. Mguu ungepona, madaktari walisema, hata kama kwa kuchechemea. Jina nani atalifunga plasta? Kama Mwenda angebaki mtu wa Frimasoni aliyetaka kuuza mama yake, hangeoa Meru wala Embu, wala hakuna mtu angempa hata choo ajenge. Nilitaka aliyetoa vyuma asimame mbele ya watu aseme. Na nilitaka aumie akisema.

Mchungaji aliniambia niombe. Nikaomba, halafu nikaenda kwa mzee Bundi, mzee wa mila kwetu, nikamwambia nataka nthenge.

Wale wasiojua, nthenge ni beberu. Mtu akifanya ubaya akajificha, wazee hukusanyika mahali pa ubaya, beberu anapigwa mifupa ivunjike mmoja mmoja, na kila mfupa na maneno yake: aliyefanya avunjike hivi, na nyumba yake hivi. Hakuna wa kutoroka, hata akiwa Nairobi. Kwa hivyo kabla ya kupigwa ni lazima itangazwe, soko na kanisa, ili mwenye makosa apate nafasi ya kusema. Akisema, beberu hapigwi. Anachinjwa kama mbuzi wa kawaida na watu wanapatana.

Bundi akaniambia, "Mama Mwenda, hii kitu haina breki. Ukiita, na kumbe aliyefanya ni wa damu yako, itarudi kwako."

"Irudi."

"Na kanisani?"

"Wanisimamishe."

"Haya basi. Mimi ni mzee, meno yamebaki machache, lakini ya kutafuna beberu yapo."

Kanisani kweli walinisimamisha meza ya Bwana. Bundi akaongea na wazee wa Embu, wakakubali, kwa sababu ubaya ulifanyika kwao. Mzee Runji akaombwa ruhusa ya uwanja. Akasema, "Nyinyi mna kiapo chenu na sisi tuna chetu. Mkae nje kwa nyasi tu. Sakafu imesuguliwa juzi." Ikatangazwa Embu sokoni na mbele ya makanisa: aliyetoa vyuma vya jukwaa aseme kabla ya siku ya beberu.

Nikangoja. Sitadanganya, nilingoja kwa raha. Nilikuwa nikichuma chai nasema moyoni, sasa na wewe ujue vile mtu anatembea na neno halimtoki.

Siku ya soko, habari ikaja kabla ya mtu. Nyamu amehamisha watoto. Amewapeleka Mbeere, kwa wazazi wa mke wake, na akawaambia huko waitwe kwa jina la babu yao, jina lake lisitajwe. Embu yote iliwaona wakibeba magodoro mchana. Mtu asiye na makosa anaogopa nini? Na ni ujinga pia, kwa sababu nthenge haiulizi mtoto analala wapi. Inafuata damu ya baba. Alitaka kuwaficha watoto, akajionyesha yeye.

Mke wake, Karimi, alikuja mpaka kwangu Kanyakine, na mtoto mdogo mgongoni. Nilikuwa ninamenya ndizi. Sikumpa kiti.

"Mama," akasema, "nimekuja kwa miguu yangu. Sijatumwa."

"Naona. Aliyepaswa kuja ana miguu miwili mizuri."

"Hakutaka Mwenda aanguke. Kuna jengo lingine mjini walikuwa wanahitaji vyuma, akawakodishia. Alifikiri siku hiyo Mwenda atafanya kazi chini, kwa ukuta. Alikuwa anataka kuvirudisha."

"Na uvumi wa kichwa? Huo pia aliukodisha?"

Mtoto akaanza kulia, Karimi akambembeleza bila kuniangalia.

"Alikuwa anataka askari na vibarua wasiingie jioni," akasema polepole. "Apate kutoa vitu. Mama, huyu ni Wambeti. Hajatembea hata. Mwambie Bundi beberu asipigwe."

Niliangalia huyo mtoto. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, minono, mizima. Nikamwambia Karimi hivi: "Wangu alikuwa anatembea. Mwambie bwana yako aje siku ile ile, mahali pale pale, na si kwa nyasi. Ndani. Na watu wangu wote wawepo. Akikosa neno moja, beberu yuko mlangoni."

Siku hiyo nilikodi gari. Nilibeba Gladwell, kwa sababu mdomo uliopeleka hadithi ndio nilitaka uirudishe. Nilipitia Mitunguu nikamwambia mzee Kaburu, "Baba Linda, ulirudisha blanketi bila kuuliza. Leo panda uulize." Akapanda, na Linda akapanda nyuma bila kuambiwa. Mwenda alikuwa mbele na magongo yake. Njia nzima Kaburu aliangalia dirisha.

Beberu alifungwa kwa nguzo ya uani, mweusi, anakula majani ya kahawa bila habari. Runji akafungua mlango. Watu waliingia wakikanyaga vigae kwa vidole kama vina moto, hata wazee. Nyamu alikuwa tayari ndani, bila kofia. Nikamsimamisha katikati, chini ya zile nyota, mahali Mwenda aliangukia.

"Mzee Bundi, nitauliza mimi," nikasema.

"Uliza, mama. Beberu anasikiliza."

"Nyamu, hii sakafu uliwaambia watu ni ya nini?"

"Niliwaambia... nyeusi ni ya waliokufa na nyeupe ni ya wanaongojea."

"Na ni ya nini?"

"Ni vigae tu, mama. Ya mazuri na mabaya."

"Ongea kwa sauti. Gladwell hasikii."

"Mimi nasikia vizuri," Gladwell akasema.

"Sokoni huwa husikii vizuri. Nyamu, rudia."

Akarudia. Nikamtembeza nyumba nzima. Kile kiti? Alisema ni cha kuchinjia, kumbe ni cha kukaa mwenyekiti. Ile mipira ya shaba? Alisema ndani kuna macho ya watu, kumbe ni dunia na mbingu, na mmoja alikuwa ameshaufungua skrubu auze. Ule ukuta usio na dirisha? Alisema ndipo vichwa vinajengewa. Nikamwambia aupige kwa ngumi kila jiwe, watu wasikie kama kuna uwazi. Akapiga. Vidole vikachubuka. Nikamwambia, "Bado yale ya chini." Hakuna mtu aliyenizuia, hata mchungaji angekuwepo hangenizuia. Alipiga mpaka kona, kulia kwake kukasikika kuliko ngumi.

"Sasa sema ya vyuma."

Akasema yote, vile Karimi aliniambia. Akasema Mwenda hakuingia Frimasoni, hakutoa jina la mtu, na hadithi ya mama kuuzwa aliitunga yeye hospitalini, langoni, siku ile ile, watu walipouliza kulitokea nini. Langoni! Mimi nikiwa ndani nimeshika mkono wa mwanangu.

Kaburu alitoa kofia. "Mwenda, kijana yangu," akasema, "blanketi liko wapi?"

"Nyumbani kwa mama."

"Lirudishwe kwangu. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa," Linda akasema, akaenda kusimama karibu na Mwenda akamshikia gongo moja. Mwenda akacheka. Sijui ni lini alikuwa amecheka mara ya mwisho.

Basi beberu hakupigwa. Alichinjwa vizuri, akachomwa pale kwa nyasi, na nyama ya upatanisho ikakatwa. Desturi ni kwamba aliyekosa anampa aliyekosewa kwa mkono wake, na huyo anameza mbele ya watu. Akimeza, shauri limefungwa. Nyamu alimpa Mwenda, vidole vikiwa na damu. Mwenda akala. Mwenda ana moyo wa baba yake.

Halafu akanipa mimi. Mama ana kipande chake.

Nilikipokea. Nikakishika. Watu wote wakaniangalia, hata Karimi aliyekuwa amesimama na Wambeti kando ya mibuni.

"Meza, mama," Bundi akanong'ona. "Kitapoa."

"Sina njaa."

Nikakiweka juu ya jani la mgomba, hapo chini, mbele ya miguu ya Nyamu, nikapanguza mkono kwa leso. Bundi akafunga macho. Mwenda akaniambia, "Mama, mimi nimekula. Imeisha." Nikamwambia, "Wewe umekula yako."

Mpaka leo sijameza. Laana haikupigwa, kwa hivyo sina dhambi ya mtu, lakini shauri langu pia halijafungwa, na Nyamu anajua. Mwenda na Linda wameoana, anachechemea na anajenga. Ile dari ya nyota aliimaliza mwenyewe, akikagua kila chuma. Nyamu hapati kazi Embu wala Meru. Mtoto wake akikohoa, anatuma mzee kwangu na mbuzi. Mahindi yakinyauka, anatuma. Nawapa chai hao wazee, tunaongea habari za mvua, wanarudi na mbuzi wao. Kanisani wanasema hawatanirudishia meza ya Bwana mpaka nisamehe. Nami nimewaambia nitakaa kiti cha nyuma.

Sasa mambo ya kuepuka, akina mama:

– Usipeleke nyumbani neno la sokoni kabla hujauliza limetoka kwa nani, kwa jina.

– Mwanao asipande jukwaa asubuhi bila kulikagua, hata kama alilifunga mwenyewe jana.

– Usimwamini msimamizi anayefukuza watu kwa mashetani. Angalia anachobeba jioni.

– Usiogope nyumba kwa sababu huna ruhusa ya kuingia. Omba ufunguo.

– Usirudishe asali wala blanketi ya mtu kabla hujaenda kumwona.

– Usimwache mgonjwa wako bila kujua nani anaongea langoni.

– Usiite nthenge kama huna hakika na watu wa nyumba yako.

– Usimeze nyama ya upatanisho kwa sababu tu watu wanakuangalia.

– Na kama ni wewe Nyamu unasoma, au umesomewa, usitume mzee mwingine Kanyakine.